Tarantula wa Kufugwa Hujihami kwa Sababu ya Makao Tunayompa

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo limeanza kuzoeleka hapa Nairobi, nalo ni ufugaji wa tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, katika vyumba vya kulala, mabweni ya wanafunzi wa vyuo na hata juu ya kaunta za maduka. Sina ugomvi na mtu anayevutiwa na viumbe hawa. Mimi ni mwalimu wa biolojia na nimewapenda tangu nikiwa mwanafunzi. Kinachoniuma ni jinsi wanavyofugwa na jinsi wanavyosemwa. Karibu kila video ninayoonyeshwa na wanafunzi wangu ni ile ile: kasha dogo la plastiki, taa kali, mkono ulioshika kalamu, na buibui aliyechokozwa mpaka akainua miguu ya mbele na kuonyesha meno, huku mpiga picha akitangaza kwamba huyu ni mkali, ana hasira, hafugiki. Nasema kwamba mara nyingi ukali huo umetengenezwa na mfugaji mwenyewe, na kwamba unaweza kupunguzwa sana bila kumgusa mnyama hata kidogo.

Tuanze na jinsi tarantula anavyoijua dunia. Ana macho manane, lakini macho hayo ni dhaifu na hayamwezeshi kuona mengi zaidi ya mwanga, giza na kivuli kinachosogea. Kazi ya kutambua mambo hufanywa na miguu. Miguuni kuna manyoya membamba mno ambayo huhisi hewa ikisogea, kuna nyufa ndogo katika ngozi yake ngumu zinazopokea mitetemo ya ardhi, na ncha za miguu hubaini kemikali za kitu anachokikanyaga. Mtu anapofungua kifuniko na kumpulizia pumzi ili asogee, kama wanavyofanya vijana wengi kwa kudhani ni mchezo usio na madhara, buibui hapokei mzaha wowote. Anachopokea ni upepo wa ghafla wenye joto kutoka juu, na katika nyika za kwetu upepo wa namna hiyo humletea nyigu anayewinda buibui, au nyani, au nyegere aliyefika mlangoni na pua yake. Hana njia ya kujua kwamba safari hii ni mtoto wa Kayole mwenye simu mkononi.

Kujihami kwake kuna ngazi, na kila ngazi humgharimu nguvu, ndiyo maana hazipandi kwa kupenda. Kwanza hutulia tuli, miguu ikiwa imekunjwa karibu na mwili na magoti yakifunika sehemu ya kichwa, hali ambayo wafugaji wengi huidhania kuwa usingizi ilhali ni dalili ya mwanzo ya kufadhaika. Tishio lisipoondoka, hukimbilia shimoni. Akikosa shimo, huinua kiwiliwili, akatanua miguu ya mbele na kuyafunua meno yake mawili ya sumu. Meno ya jamii hii hushuka sambamba kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo hana budi kuinuka kwanza ili apate nafasi ya kuyashusha. Mkao huo ambao video hizo huuita hasira ni matayarisho na onyo kwa wakati mmoja. Akizidi kusumbuliwa, hupiga chini kwa miguu ya mbele, kofi la haraka ambalo mara nyingi halifuatwi na meno. Kuuma huja mwisho, na hata hapo wakati mwingine huuma bila kutoa sumu, kwa kuwa sumu ni akiba anayoihitaji kwa mawindo.

Ni lazima niongeze kwamba tarantula wote hawapandi ngazi hizo kwa mwendo mmoja, na hapa ndipo vijana wetu wanapopotoshwa na ushauri wanaouokota kwa wafugaji wa Marekani. Tarantula wengi wa bara la Amerika wana manyoya ya kuwasha juu ya tumbo, ambayo huyapangusa kwa miguu ya nyuma na kuyarusha hewani yakamchome adui machoni na puani. Kwa kuwa wana silaha hiyo, wengi wao, kama yule wa Chile aitwaye Grammostola rosea, huweza kuvumilia usumbufu kwa muda kabla ya kufikiria kuuma. Tarantula wa Afrika na wa Asia hawana manyoya hayo. Wanabakiwa na mbio, vitisho na meno tu, na wakinyimwa nafasi ya kukimbia hufika kwenye meno upesi. Mawaidha yanayomfaa buibui wa Chile yakitumiwa kwa buibui wa Kitui, huwa ni mawaidha ya kumpeleka mtu hospitalini.

Sisi wenyewe tuna spishi zinazosifika duniani kote miongoni mwa wafugaji. Mmoja ni Pelinobius muticus, aliyeelezwa kisayansi na mtaalamu wa buibui Karsch mwaka wa 1885, ambaye makazi yake ni nyika za Kenya na Tanzania. Ni buibui mkubwa wa rangi ya kutu, ambaye miguu yake ikinyooshwa huweza kufikia sentimita 20 kutoka ncha hadi ncha, na miguu yake ya nyuma ni minene na imepinda, nayo ni ya kuchimbia. Akisumbuliwa husugua sehemu za juu za miguu yake na kutoa sauti ya mkwaruzo ambayo mtu aliye kando huisikia vizuri. Mwingine ni Pterinochilus murinus, aliyeelezwa na mtaalamu mwingine, Pocock, mwaka wa 1897, ambaye anapatikana Kenya na katika nchi nyingi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Wapo wa kahawia na wa kijivu, lakini aliyewapagawisha wafugaji wa Ulaya ni yule wa rangi ya chungwa. Hutanda utando mzito kwenye mlango wa makao yake, na mbio zake huwashangaza hata waliozoea buibui. Wote wawili wamepewa sifa ya kuwa wakali kupindukia. Kwa maoni yangu sifa hiyo wameipata kutokana na kuwekwa katika makasha yasiyowafaa kabisa, kwa maana wawili hawa ni viumbe wa kujificha, na huko kwao mtu anaweza kuishi jirani nao miaka mingi asiwaone.

Basi tulizungumzie kasha, kwa kuwa humo ndimo sehemu kubwa ya tatizo ilimo. Pelinobius muticus ni mchimbaji kwa umbile lake, na porini shimo lake huweza kuzidi mita moja kwenda chini. Kumweka juu ya udongo wa kina cha vidole viwili, pamoja na changarawe za rangi na fuvu la plastiki la mapambo, ni sawa na kumpa mpangaji chumba kisicho na mlango kisha kumlaumu kwa kutolala. Buibui asiye na shimo hana ngazi ya pili katika zile nilizozitaja; kutoka kutulia anaruka moja kwa moja hadi kuinua miguu. Anahitaji udongo wa kina cha sentimita 20 hadi 30, na zaidi kama nafasi ipo, tena udongo ulioshindiliwa vizuri ili shimo lisiporomoke. Vumbi la makumbi ya nazi likichanganywa na udongo mwekundu usiowahi kunyunyiziwa dawa za wadudu hufaa sana. Mfugaji amwanzishie shimo kando ya ukuta wa kasha kwa kijiti kinene, aweke kipande cha gome la mti juu yake, kisha amwachie mwenyewe amalize. Pterinochilus murinus naye apewe udongo wa kutosha pamoja na magome na vijiti vya kufungia utando wake.

Nafasi iliyo juu ya udongo nayo ina maana yake. Wengi hununua kasha refu wakidhani wanamfanyia buibui wema, ilhali tumbo la tarantula ni laini mno na likipasuka kwa kuanguka kutoka urefu mdogo tu anaweza kufa, kwa kuwa majimaji ya mwili wake ndiyo pia yanayosukuma miguu yake ikanyooka. Hewa iliyobaki kati ya udongo na kifuniko isizidi sana urefu wa buibui mwenyewe akiwa amenyoosha miguu. Kifuniko cha wavu wa waya nacho kina hatari, kwani kucha zake hunasa humo na akijinasua huenda akaacha mguu. Mguu huo utaota tena atakapojivua ngozi, lakini kwa muda wote huo atakuwa mnyama aliyejeruhiwa, na mnyama aliyejeruhiwa hujihami zaidi. Kuhusu maji, kibakuli kidogo kisicho na kina kinatosha. Nimewaona watu wakimwagia kasha zima maji kila siku kwa sababu wamesoma kwamba tarantula hupenda unyevu. Buibui wa nyika kavu akiwekwa juu ya udongo uliolowa hupanda kuta usiku kucha akitafuta pa kukanyaga pakavu, na asubuhi mwenye nyumba husema kwamba amekuwa mkorofi.

Atakayenisikiliza na kuyafanya haya atakuja na lalamiko moja, nalo ni kwamba sasa hamwoni buibui wake. Ni kweli. Atamwona usiku, tena kwa nadra, ncha za miguu zikichungulia mlangoni mwa shimo. Sioni namna ya kulizunguka jambo hili: anayetaka mnyama wa kutazamwa na wageni sebuleni atafute samaki.

Jiji letu lina mashaka yake pia. Katika fleti nyingi za Pipeline, Umoja au Roysambu, ukuta mmoja hugawana mitetemo ya familia kadhaa. Mlango wa chuma ukibamizwa ghorofa ya chini, matatu ikipita na spika zake zikitikisa madirisha, jenereta ya kinyozi ikiwashwa, mitetemo hiyo yote hufika kwenye miguu ya buibui. Kelele anayoisikia jirani kwa masikio, tarantula huipokea kwa mwili mzima. Kasha lisiwekwe juu ya spika, juu ya friji, karibu na mashine ya kufua wala kwenye rafu iliyopigiliwa kando ya mlango. Mahali pazuri ni pembe ya chumba kisichopitwa na watu, juu ya meza nzito, chini yake pakiwa pametandikwa sponji nene au blanketi lililokunjwa. Mwanga mkali nao umkome, na kama mtu anataka kumtazama usiku, taa hafifu inatosha.

Kisha kuna baridi. Buibui hajizalishii joto la mwili. Kasi yake hufuata joto la chumba. Nairobi ikiwa juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, asubuhi za Julai huwa na ubaridi ambao humfanya tarantula awe mzito na mvivu wa kusogea. Mtu akimgusa saa hiyo asione chochote kibaya, hujiambia kwamba ameshamzoea. Alasiri jua linapoingia dirishani na chumba kikapata joto, buibui huyo huyo humponyoka na kupanda mkono kabla mwenyewe hajajua la kufanya. Upole wa asubuhi haukuwa upole. Wengine, kwa kuihofia baridi hiyo, huweka mkeka wa umeme wa kupasha joto chini ya kasha, na hapo huharibu kabisa, kwa sababu mnyama huyu akihisi joto jingi huchimba kwenda chini akitafuta ubaridi, ndipo anapokutana na joto kali zaidi. Kama kweli chumba ni baridi, kipashe joto chumba chenyewe, au mkeka huo uwe ubavuni mwa kasha na udhibitiwe kwa kipimajoto. Nyuzijoto 22 hadi 28 zinawatosha spishi hizi.

Hatari ambayo mitaani haitajwi kabisa ni dawa za kuua wadudu. Tunapuliza dawa ya mende, tunawaita watu wa kunguni, tunawasha dawa ya mbu usiku, na tunasahau kwamba katika pembe ya chumba hicho hicho kuna buibui ambaye mishipa yake ya fahamu huathiriwa na sumu hizo hizo. Tarantula aliyepatwa na dawa huanza kutetemeka, miguu ikaenda mrama, akapinduka au akarukaruka bila mpango. Nimesikia hali hiyo ikielezwa kwa kicheko kuwa buibui amepandwa na mashetani. Ni mnyama anayekufa. Siku ya kupuliza dawa, kasha litolewe nje ya nyumba na lisirudishwe mpaka vyumba vimepigwa na hewa vya kutosha, na nyenje wa kumlisha wasitafutwe mahali panapopulizwa.

Kuna imani nyingine iliyoenea, kwamba ukimshika kila siku atakuzoea na ukali utamwisha. Mbwa humfahamu bwana wake, akamfurahia; tarantula hana uhusiano wa namna hiyo na mtu yeyote, na hana faida yoyote anayoipata kwa kupandishwa kiganjani. Kinachoonekana kuwa kuzoea huweza kuwa uchovu, au baridi niliyoitaja, au ile hali ya kutulia tuli ambayo ni ngazi ya kwanza ya hofu. Kuna hasara mbili: mshikaji akiumwa atamtupa bila kukusudia, na buibui akianguka atapasuka tumbo. Nawasihi wazazi, mtoto akiruhusiwa kutunza kiumbe hiki, sharti la kwanza liwe kwamba hakishikwi.

Usafi na kulisha hufanywaje basi? Kwa utulivu na kwa vyombo. Kasha liwekwe ndani ya beseni kubwa la plastiki lenye kingo ndefu kabla ya kufunguliwa, ili buibui akitoka asifike chini ya kitanda. Mfugaji ahakikishe anajua alipo, na kama hamwoni asifungue. Kibakuli cha maji kiinuliwe kwa kibanio kirefu cha sentimita 25 au 30, polepole, bila kuligonga kasha. Ikibidi kumsogeza, aguswe kwa brashi laini ya kuchorea kwenye miguu ya nyuma, mara moja tu, na kusubiriwa. Akigeuka na kuinua miguu ya mbele, kazi ya siku hiyo imekwisha. Kifuniko kirudishwe na jambo hilo liahirishwe hadi kesho. Kusubiri huku ndiko kunakowashinda vijana, na ndiko kunakoleta mabadiliko makubwa kuliko kifaa chochote cha kununuliwa. Tarantula aliyekomaa wa spishi hizi hula nyenje au mende mara moja kwa wiki au hata wiki mbili, na mlo ambao haujaguswa kufikia asubuhi uondolewe, kwani nyenje mwenye njaa huweza kumng'ata buibui na kumnyima raha.

Zipo nyakati ambazo hata kasha zuri halitamtuliza, na mfugaji anapaswa kuzijua ili asije akamlaumu bure. Anapokaribia kujivua ngozi, tarantula hukataa chakula kwa majuma, hata miezi, akafunga mlango wa shimo kwa utando au udongo, na rangi yake hufifia. Wengi hujivua wakiwa wamelala chali, na wapo wafugaji waliowatupa taka wakidhani wamekufa. Baada ya kujivua, meno yake huwa meupe na laini, hawezi kula wala kujitetea sawasawa, na kwa sababu hiyo huwa mwepesi wa kushtuka. Aachwe mpaka meno yawe meusi tena. Dume aliyekomaa naye hubadilika: huacha shimo lake na kuzurura usiku kucha akitafuta jike, na kuzurura huko hakuponywi kwa udongo wala giza. Maisha yake yaliyosalia ni mafupi. Jike kwa upande wake huweza kuishi zaidi ya miaka 20, jambo ambalo kijana wa kidato cha tatu anayemleta nyumbani hana budi kulipima pamoja na wazazi wake.

Siku moja mzazi mmoja wa Umoja aliniita nikaangalie buibui wa mwanawe, ambaye walikuwa wakijadili kumchoma moto kwa woga. Nilimkuta Pelinobius muticus jike ndani ya mkebe wa plastiki uliokuwa wa keki, umetobolewa matundu kwa msumari wa moto na kuwekwa juu ya spika. Chini mlikuwa na changarawe za samaki, za buluu na nyekundu. Kijana alipogusa tu kifuniko, buibui alikuwa tayari amesimama, miguu minne hewani, na kwenye ncha ya jino moja palikuwa na tone dogo linalong'aa. Alibaki katika mkao huo muda wote tuliokuwa tukizungumza. Tulimhamishia, kwa bakuli na kadi ngumu, ndani ya kasha la kioo lenye udongo ulioshindiliwa, tukaliweka kwenye pembe ya chumba na kulifunika kitambaa pande tatu. Niliporudi baadaye nilikuta rundo la udongo mwekundu kando ya gome na duara la utando mlangoni pa shimo. Kijana aliinua kibakuli cha maji kwa kibanio mbele ya macho yangu, akakirudisha kikiwa kimejaa, na hapakuonekana hata unyoya. Aliyekuwa akimwita muuaji alikuwa ameenda chini, kwa sababu sasa alikuwa na mahali pa kwenda.

Niseme kidogo kuhusu kuumwa, kwa kuwa hofu nyingi hutoka hapo. Sumu ya tarantula haina sifa ya kuua watu, lakini mtu asijipe moyo kupita kiasi: spishi za Afrika na Asia zinaweza kuleta maumivu makali, uvimbe, na mikakamao ya misuli ambayo huendelea kwa siku kadhaa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni, aweke kitambaa chenye maji baridi, ameze dawa ya kutuliza maumivu, na aende hospitalini akipata mikakamao, maumivu ya kifua, uvimbe wa uso au shida ya kupumua. Asichanje jeraha, asilifunge kamba, na asipoteze wakati akitafuta jiwe jeusi linaloaminiwa kunyonya sumu. Manyoya ya tarantula wa Amerika yakiingia jichoni, jicho lisisuguliwe. Lioshwe kwa maji mengi na mtu amwone daktari wa macho, kwa sababu manyoya hayo huweza kujichimbia ndani ya jicho.

Mwisho ni suala la sheria, ambalo lilijitokeza pale pale Umoja. Kijana yule alikuwa amemnunua buibui kwa mtu aliyemchimbua Kitui na kumleta mjini. Buibui wa porini ni wanyamapori kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013, na kumkamata au kummiliki bila kibali ni kosa. Anayedhani kwamba serikali haijishughulishi na vijidudu akumbuke kwamba mnamo Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja, baada ya kupatikana na maelfu ya chungu. Zaidi ya sheria, buibui aliyechimbuliwa hufika mjini akiwa amekaukiwa na maji, pengine na majeraha ya jembe au vimelea mwilini, na ndiye anayejihami kuliko wote. Jike aliyeishi katika shimo moja miaka kumi hawezi kurudishiwa shimo hilo.

Mzazi yule aliniuliza swali la haki kabisa: sasa huyu tumpeleke wapi, na tutaombaje kibali bila mtoto kukamatwa? Naomba kupitia gazeti lako Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likishirikiana na wataalamu wa wadudu na buibui walio katika Makavazi ya Kitaifa, litoe maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: ni buibui gani wanaruhusiwa kufugwa, kibali huombwa wapi na kwa ada gani, na mtu aliye na tarantula asiyeweza kumtunza amkabidhi nani bila hofu ya kushtakiwa. Maelezo hayo yakibandikwa katika shule za upili na vyuo, na yakichapishwa katika ukurasa wako wa mazingira, mimi niko tayari kuyasambaza katika vyama vya wanafunzi wa sayansi katika eneo letu.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Biolojia,
Nairobi